Mali bila Daftari: Uhifadhi na Ushirikishaji wa Data za Uhakiki wa Msimbo katika Programu Huria za Afya Nchini Uganda

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna data za uhakiki wa msimbo zinavyohifadhiwa na kushirikishwa katika uundaji wa programu huria, kwa kurejelea mifumo ya taarifa za afya inayotumika nchini Uganda, hususan UgandaEMR na jamii pana ya OpenMRS. Hoja kuu ni kwamba leseni huria huutoa msimbo kwa umma lakini huyaacha nje majadiliano yaliyouzaa msimbo huo, na kwa hiyo taifa linaweza kumiliki programu bila kumiliki sababu zake. Njia tatu za uhifadhi zinapimwa: jukwaa la kampuni, hifadhidata za watafiti, na rekodi zinazosafiri pamoja na msimbo wenyewe. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza kwamba rekodi ya uhakiki ihesabiwe kuwa sehemu ya programu ya umma, iwekwe nchini, na ishirikishwe kwa namna inayolinda utu wa wahakiki.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Programu huria ni mali ya namna hiyo. Kila mtu anaweza kuichukua, kuisoma, kuibadilisha na kuigawa. Lakini daftari linaloeleza kwa nini iliandikwa hivi na si vile mara nyingi limewekwa mahali pengine, chini ya masharti mengine, na kwa mtunzaji ambaye hakuchaguliwa na watumiaji wake.

Tuchukue mfano. Katika huduma za matibabu ya VVU, mgonjwa asiyerudi kliniki huhesabiwa kuwa amekatiza matibabu baada ya idadi fulani ya siku. Katika viashiria vya PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, kigezo hicho kilikuwa siku 90, kisha kikashushwa hadi siku 28. Ndani ya programu ya rekodi za wagonjwa, badiliko kama hilo linaweza kuwa la mstari mmoja tu: 90 inafutwa, 28 inaandikwa. Mstari huo hausemi kama siku zinahesabiwa tangu tarehe ya miadi au tangu siku dawa zilipokwisha. Hausemi mgonjwa aliyehamia kituo kingine ahesabiweje. Wala hausemi nani alipinga, kwa hoja gani, na pingamizi lake lilijibiwa vipi. Maswali hayo huulizwa na kujibiwa wakati wa uhakiki wa msimbo, yaani pale mwanaprogramu mmoja anaposoma badiliko lililopendekezwa na mwenzake kabla halijaingizwa katika programu. Asiyekuwa na rekodi ya uhakiki huo ana namba 28 peke yake.

Swali linaloongoza makala haya, basi, ni hili: rekodi hizo ziko wapi, ziko mikononi mwa nani, na mtafiti au mshauri wa sera aliyeko Kampala anaweza kuzipata kwa njia gani, leo na baada ya miaka 20?

2.0 Uhakiki au ukaguzi?

Uchaguzi wa istilahi katika jambo hili una uzito kuliko unavyodhaniwa. Wapo wanaoiita shughuli hii ukaguzi wa msimbo, na historia inawaunga mkono kwa kiasi. Mwaka 1976, Michael Fagan wa kampuni ya IBM alichapisha utaratibu wa vikao rasmi ambamo msimbo ulisomwa hatua kwa hatua ili kubaini makosa. Lengo lilikuwa kasoro, na kilichohesabiwa ni idadi ya kasoro zilizopatikana. Huo ulikuwa ukaguzi kwa maana kamili ya neno, sawa na ule wa mahesabu.

Utaratibu wa sasa ni mwepesi zaidi na matunda yake ni tofauti. Alberto Bacchelli na Christian Bird, katika utafiti wao wa mwaka 2013 uliofanyika katika kampuni ya Microsoft, walionyesha kwamba ingawa wahusika walitaja kutafuta kasoro kuwa lengo lao la kwanza, maoni yaliyoandikwa yalihusu kasoro kwa kiwango kidogo kuliko ilivyotarajiwa. Kilichopatikana kwa wingi zaidi kilikuwa uelewa: ujuzi kuhamishwa kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, timu kufahamu kinachoendelea, na njia mbadala kupendekezwa. Hayo ndiyo ambayo mapokeo ya fasihi ya Kiswahili huyaita uhakiki. Mhakiki hatafuti makosa tu. Huisoma kazi, huihoji, huipa muktadha na humfikirisha mwandishi.

Tofauti hii inaamua sera ya uhifadhi. Tukiamini kwamba tunafanya ukaguzi, tutahifadhi hukumu: badiliko limekubaliwa au limekataliwa, na nani, lini. Tukiamini kwamba tunafanya uhakiki, hukumu peke yake haitoshi. Itatulazimu kuhifadhi hoja. Mifumo mingi inayotumika sasa huhifadhi hukumu vizuri na hoja vibaya.

3.0 Njia tatu za uhifadhi

3.1 Jukwaa la kampuni

Njia iliyoenea zaidi ni kuacha rekodi ya uhakiki ikae katika jukwaa ambamo uhakiki wenyewe ulifanyika, na jukwaa kubwa kuliko yote ni GitHub, ambayo kampuni ya Microsoft iliinunua mwaka 2018 kwa dola bilioni 7.5 za Marekani. Ni vyema kueleza hapa jambo ambalo wasomaji wasio wanaprogramu huenda wasilione. Anayenakili ghala la msimbo kwa Git hupata historia yote ya msimbo: kila badiliko lililoingizwa, tarehe yake na jina la aliyeliandika. Hapati maoni ya wahakiki. Hayo hukaa katika kanzidata ya kampuni, na huombwa kwa kiolesura maalumu chenye kikomo cha kawaida cha maombi 5,000 kwa saa kwa mtumiaji aliyejitambulisha. Nakala na hoja zake zimetenganishwa tangu mwanzo.

Hasara huongezwa na desturi iliyozoeleka katika miradi mingi, ya kuyakunja matoleo yote ya badiliko kuwa badiliko moja kabla ya kuliingiza. Historia hubaki nadhifu, lakini toleo la kwanza ambalo mhakiki alilikosoa hutoweka katika historia kuu, na maoni yake yakabaki yakinyooshea kidole mstari usiokuwapo.

Atakayesema kwamba data hizo ziko wazi kwa kila mtu hadanganyi, ila uwazi huo ni wa kukopeshwa. Huduma ya Google Code, iliyokuwa makao ya miradi mingi, ilifungwa Januari 2016. Julai 2019, GitHub ilizuia baadhi ya huduma kwa watumiaji wa Iran, Syria na Crimea kwa sababu ya vikwazo vya Marekani. Mfano unaofundisha zaidi ni wa Machi 2024, pale Andres Freund alipofichua kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya programu ya xz yalikuwa yamepandikizwa mlango wa siri na mtu aliyejenga imani ya mtunzaji wake kwa miaka kadhaa. GitHub ililifunga ghala la mradi huo kwa muda. Uamuzi huo ulieleweka kiusalama, lakini uliwazuia wachunguzi kuyafikia maombi ya mabadiliko na maoni yake katika siku ambazo ushahidi huo ulihitajiwa kuliko wakati wowote. Mashinikizo yaliyomwelemea mtunzaji mwaka 2022 yalijulikana haraka kwa sababu yalikuwa yameandikwa kwa barua pepe zilizohifadhiwa kwingine. Palipokuwa na daftari la pili, habari ilipatikana.

3.2 Hifadhidata za watafiti

Njia ya pili ni ya wanazuoni: kuzivuna rekodi kutoka kwenye majukwaa na kuzichapisha kama hifadhidata ya utafiti. Mwaka 2016, Xin Yang na wenzake walichapisha hifadhidata ya uhakiki ya miradi mitano: OpenStack, LibreOffice, Android, Qt na Eclipse. Mpangilio wake una manufaa ya kudumu, kwa kuwa unatenganisha makundi matatu ya taarifa: watu, mchakato na zao. Mtafiti anaweza kuuliza nani alimhakiki nani, ilichukua muda gani, na msimbo ulibadilika vipi. Kwa upana zaidi, mradi wa GHTorrent ulioanzishwa na Georgios Gousios ulikusanya kwa miaka kadhaa matukio ya wazi ya GitHub, yakiwamo maoni ya uhakiki, na kuyatoa kwa yeyote aliyeyataka.

Kazi hizi zinastahili sifa, na sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu uhakiki wa msimbo imetokana nazo. Hata hivyo, zina kasoro mbili. Kwanza, ni picha ya mnato: hupigwa siku moja na kuzeeka siku inayofuata. GHTorrent yenyewe haiendelei tena kukusanya. Uhai wake ulitegemea juhudi za wachache na fedha za muda. Pili, uteuzi wa miradi ndio uteuzi wa maswali. Miradi mitano iliyotajwa ni miundombinu ya kompyuta na zana za ofisi, na yote ilitumia mfumo mmoja wa uhakiki, Gerrit. Hakuna hata mmoja ambao mhakiki wake alipaswa kuzingatia kituo cha afya kinachokatikiwa umeme au fomu ya Wizara inayobadilika kila mwaka. Mshauri wa sera anayesoma matokeo ya tafiti hizo kana kwamba yanazungumzia Uganda anasoma barua iliyoandikiwa mtu mwingine.

Ni kweli pia kwamba taasisi ya Software Heritage, iliyozinduliwa na Inria ya Ufaransa mwaka 2016, inahifadhi msimbo wa dunia nzima kama urithi wa binadamu. Lakini kinachohifadhiwa humo ni msimbo na historia yake. Mijadala ya uhakiki haimo. Hata maktaba kubwa kuliko zote, basi, ina kitabu bila tahakiki zake.

3.3 Rekodi zinazosafiri na msimbo

Njia ya tatu ni kuufanya uhakiki uwe sehemu ya ghala lenyewe. Mfumo wa Gerrit ulifanya hivyo kwa kuanzisha NoteDb, ambamo maoni na kura za wahakiki huandikwa ndani ya Git. Toleo la 3.0 la mwaka 2019 liliiacha kanzidata ya zamani. Wajenzi wa kiini cha Linux, kwa upande wao, huhakikiana kwa barua pepe, na kumbukumbu za barua hizo zinaweza kunakiliwa zote kwa Git na yeyote. Katika hali zote mbili, kufungwa kwa seva moja hakuui kumbukumbu.

Njia hii nayo haina ukamilifu. Barua pepe ni maandishi huru, na kulinganisha barua na badiliko lililoingizwa mwishowe ni kazi ngumu. Isitoshe, Git imeundwa isisahau: kilichoandikwa humo na kunakiliwa hakifutiki kwa urahisi, na hilo linaleta swali la haki tutakalolijadili katika sehemu ya 5.0. Hata hivyo, kati ya njia tatu, hii ndiyo pekee inayotambua kwamba hoja na msimbo ni mali moja.

4.0 Hali ya Uganda

OpenMRS ilianza mwaka 2004 kwa ushirikiano wa wataalamu wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana na shirika la Partners In Health, na ilianza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006. Ni mradi ambao Afrika Mashariki haikuupokea tu bali imekuwa ikiujenga. Mkutano wa kimataifa wa jamii yake wa mwaka 2016 ulifanyika hapa Kampala. UgandaEMR, inayoendelezwa chini ya mradi wa METS wa Shule ya Afya ya Umma ya Chuo Kikuu cha Makerere, imejengwa juu ya OpenMRS na hutumika kutunza rekodi za wagonjwa, hasa katika kliniki za VVU. Msimbo wake uko wazi GitHub. Kwa hiyo wanaprogramu wa Uganda ni waandishi na wahakiki katika kazi hii, na maoni yao ni sehemu ya historia ya kisayansi ya nchi.

Mahali pa historia hiyo pana udhaifu wa aina tatu. Wa kwanza ni wa mawasiliano. Intaneti ilizimwa nchini usiku wa kuamkia uchaguzi wa tarehe 14 Januari 2021 na kurejeshwa tarehe 18. Katika siku hizo, mwanaprogramu mwenye nakala ya ghala katika kompyuta yake angeweza kusoma historia yote ya msimbo, lakini asingeweza kusoma hata sentensi moja ya uhakiki wake.

Udhaifu wa pili ni wa viungo. Katika OpenMRS, ujumbe wa badiliko huanza kwa namba ya tiketi, na tiketi hutunzwa katika mfumo mwingine. Ni desturi nzuri, mradi mfumo huo udumu. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya wa Chuo Kikuu cha Oslo ambao Uganda nayo huutumia, ulikuwa Launchpad kabla ya kuhamia GitHub. Kila uhamisho wa namna hiyo huleta hatari ileile: msimbo husafiri mzima, viungo vya mijadala hukatika. Namba isiyo na tiketi yake ni kaburi lisilo na jina.

Udhaifu wa tatu, na mkubwa zaidi, ni wa ufadhili. Tarehe 20 Januari 2025, amri ya Rais wa Marekani ilisimamisha misaada ya maendeleo ya nje kwa siku 90, na mifumo mingi ya afya ya eneo hili inategemea fedha za nchi hiyo. Mradi ukisimama, watu hutawanyika. Msimbo utabaki, aliyejua kwa nini siku zinahesabiwa tangu dawa zilipokwisha ataondoka na sababu hiyo kichwani. Mgeni atakayekabidhiwa mfumo ataibadilisha kanuni asiyoielewa, na takwimu za wagonjwa waliokatiza matibabu zitapanda au kushuka bila mgonjwa yeyote kubadilika. Waziri atasoma namba hizo, na dawa zitaagizwa kwa kuzifuata. Hapa ndipo suala linaloonekana kuwa la wanaprogramu peke yao linapogeuka kuwa la sera ya afya.

Ni lazima kukiri kwamba hata rekodi kamili ya jukwaa haina kila kitu. Hoja nyingi huamuliwa kwa simu, kikaoni, au mezani baada ya kazi. Lakini hilo si sababu ya kupuuza kilichoandikwa. Ni sababu ya kudai kwamba uamuzi wa mdomo nao uandikwe kwa ufupi pale badiliko linapoingizwa.

5.0 Haki za wahakiki

Pingamizi zito dhidi ya kushirikisha data hizi halihusu gharama, kwa kuwa maandishi hayachukui nafasi kubwa. Linahusu watu. Rekodi ya uhakiki ina majina, anwani za barua pepe, saa ambazo mtu alikuwa kazini, makosa aliyoyafanya akiwa mwanafunzi, na maneno makali aliyoambiwa na mkubwa wake. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019, inayosimamiwa na Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi chini ya NITA-U, inahusu taarifa za namna hii. Kwamba mtu aliandika hadharani hakumaanishi kwamba aliridhia kuchambuliwa. GHTorrent ilijifunza hilo mwaka 2016, pale wanaprogramu walipolalamika kwamba watafiti walitumia anwani zao kuwatumia maombi ya kujaza hojaji. Majina na anwani vikaondolewa katika data zilizotolewa.

Katika timu ndogo kama zetu, kuondoa majina hakutoshi. Pakiwa na wahakiki watano, mtindo wa kuandika na saa za kazi humtambulisha mtu kama jina lake. Mwajiri anaweza kuzigeuza data hizo kuwa kipimo cha utendaji, na siku hiyo wahakiki wataacha kuuliza maswali ya kweli. Rekodi itakuwa nene na tupu.

Suluhisho halimo katika kuficha kila kitu, kwa sababu ufichaji humnyima mhakiki sifa ya kazi yake. Usanifu wa NoteDb unaonyesha njia: ndani ya rekodi ya badiliko, mhakiki hutambulishwa kwa namba ya akaunti, na maelezo ya akaunti huwekwa kando. Hoja zinaweza kusafiri, na ufunguo wa majina ukabaki kwa mtunzaji anayewajibika kisheria. Anayetaka kutajwa atajwe. Asiyetaka abaki namba.

6.0 Mapendekezo

Kwanza, taasisi ya umma au mfadhili anayelipia programu huria aandike katika mkataba kwamba kinachokabidhiwa ni msimbo pamoja na rekodi ya uhakiki wake, katika muundo unaosomeka bila jukwaa lolote mahususi.

Pili, kila toleo rasmi linapotolewa, nakala ya rekodi hiyo iwekwe nchini. Vyuo vikuu, Makerere kikiwa cha kwanza, vina hazina za kidijitali za tasnifu na makala. Rekodi ya uhakiki wa mfumo wa taifa wa afya inastahili rafu katika hazina hizo.

Tatu, rekodi ipangwe kwa makundi matatu ya watu, mchakato na zao, huku kundi la watu likiwa na masharti makali zaidi ya ufikiaji. Wahakiki waarifiwe tangu siku ya kwanza wanapojiunga na mradi, na matumizi ya data hizo katika kupima utendaji wa mfanyakazi yapigwe marufuku kwa maandishi.

Nne, ujumbe wa badiliko lolote linalogusa kanuni ya kitabibu au hesabu ya kiashiria ubebe sababu yake kwa sentensi chache, si namba ya tiketi pekee. Hatua hii haihitaji fedha wala kibali. Inaweza kuanza kesho.

Tano, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki isimamie usanifishaji wa istilahi za uwanja huu. Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022. Lugha rasmi isiyoweza kueleza namna mifumo ya taifa inavyoamua mambo itakuwa rasmi kwa sherehe tu.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamedai kwamba uwazi wa msimbo bila uwazi wa uhakiki wake ni nusu ya uwazi. Jukwaa la kampuni hutupa urahisi bila dhamana. Hifadhidata za watafiti hutupa maarifa ya miradi ya wengine. Rekodi inayosafiri na msimbo hutupa umiliki, kwa sharti kwamba tunawalinda walioiandika. Uganda imeshaamua kuziweka rekodi za wagonjwa wake katika programu huria, na uamuzi huo ulikuwa wa busara. Kilichobaki ni kulichukua na daftari. Namba 28 itakaa katika msimbo kwa miaka mingi. Atakayeulizwa kwa nini ni 28, na inahesabiwa tangu lini, anapaswa kuwa na mahali pa kufungua na kusoma jibu.